Jinsi ya kupata vyanzo vya kitaaluma vya pepa ya sayansi ya siasa, hatua kwa hatua (mfano: viti maalum)

Juzi mdogo wangu, yuko mwaka wa tatu, kaniletea rasimu ya pepa yake juu ya viti maalum bungeni, yaani viti vya wanawake vinavyojazwa kupitia vyama. Msimamizi wake kauzungushia kalamu nyekundu ukurasa mzima wa marejeo, pembeni kaandika maneno matatu tu: "vyanzo vya kitaaluma?" Nikamwambia hebu nionyeshe ulivyotafuta. Akafungua Google, akaandika kichwa chote cha pepa kwa Kiswahili, akachukua vilivyokuja juu, blogu mbili, habari za gazeti, ukurasa wa shirika moja lisilo la kiserikali, biashara ikaisha. Sikumgombeza, maana hakuna aliyewahi kukaa naye chini akamwonyesha, pale chuoni wanaambiwa tu nendeni mkasome machapisho, basi, sasa machapisho yako wapi na unayaingiaje hapo kila mtu na lwake. Tulikaa saa tatu na laptopu moja na bando la simu yangu, tukatoka na vitu vya maana. Naandika tulivyofanya, kwa sababu najua yuko mwingine kesho anapeleka rasimu kama ile.

Hatua ya 1: topiki igeuke swali kwanza

"Viti maalum na demokrasia Tanzania" ni topiki, huwezi kuitafutia chanzo, ni sawa na kwenda Kariakoo ukasema nataka nguo. Nguo gani, ya nani, saizi gani? Kwenye topiki ile ile kuna maswali kibao. Je, wabunge wa viti maalum wanasemea mambo ya wanawake kuliko wabunge wa majimbo? Je, mwanamke akishapita viti maalum anapata nguvu ya kwenda kugombea jimbo, au anabaki huko huko? Je, namna vyama vinavyowateua inawafanya wakiogope chama kuliko mwananchi? Dogo kachagua hili la mwisho, na hapo hapo kazi ikapungua nusu, kwa sababu sasa tunajua tunatafuta vitu kuhusu uteuzi ndani ya vyama na uwajibikaji, hatutafuti kila kitu kinachomtaja mwanamke na siasa.

Kabla hujatafuta makala yoyote soma kwanza kitu chenyewe. Kwa topiki hii ni Katiba, ibara ya 66 na ya 78. Ndani yake utakuta wanawake wa viti maalum wasipungue asilimia 30, na kwamba vyama vinagawana viti hivyo kwa uwiano wa kura za ubunge, chama kisichofikisha asilimia 5 ya kura halali hakipati kitu. Na ujue historia kidogo, mwaka 1985 vilikuwa viti 15 tu, 1995 ikawa asilimia 15, 2000 ikawa 20, ikafika 30 mwaka 2005, na bunge la 2015 lilikuwa na viti maalum 113. Usipojua haya utasoma makala ya 2003 inayozungumzia asilimia 20 udhani mwandishi kakosea, kumbe ndiyo ilikuwa sheria ya wakati ule.

Hatua ya 2: maneno ya kutafutia (usiiruke hii, nakuomba)

Hapa ndipo wengi wanapokwama, halafu wanasema "hakuna kilichoandikwa kuhusu topiki yangu". Kimeandikwa, tena kingi, ila wasomi wanakiita jina lingine. Sisi tunasema viti maalum. Kwa Kiingereza watu wa Tanzania wanaandika "special seats", ila mtu anayelinganisha nchi nyingi anaandika "reserved seats", na anayezungumzia mfumo mzima wa upendeleo wa kijinsia anaandika "gender quotas". Ukitafuta neno moja tu umekosa sehemu kubwa ya kilichopo.

Sasa kuna maneno ya dhana, haya ndiyo yanakupeleka kwa wasomi wenyewe. Mwaka 1967 Hanna Pitkin alichambua maana ya uwakilishi, akatenganisha kati ya mwakilishi anayefanana na watu anaowawakilisha, mwanamke kwa wanawake, mkulima kwa wakulima, na mwakilishi anayewatetea kwa vitendo. La kwanza kwa Kiingereza ni "descriptive representation", la pili ni "substantive representation". Kuanzia hapo mpaka leo watu wanaoandika juu ya wanawake na mabunge wanabishana kwa maneno hayo mawili. Kwa hiyo ukiyaongeza kwenye utafutaji, blogu zinabaki nje zenyewe bila wewe kuhangaika, kwa sababu mwandishi wa blogu hayatumii.

Chukua karatasi, gawa safu tatu. Ya kwanza kitu chenyewe na majina yake yote, ya pili mahali (Tanzania, Uganda, East Africa, Africa), ya tatu dhana (uteuzi, uwajibikaji, uwakilishi, kwa Kiingereza chake). Halafu chukua moja huku, moja kule, unganisha. Alama mbili tu zinakutosha kuanzia: alama za kunukuu zinashikilia maneno yakae pamoja kama yalivyo, na OR kwa herufi kubwa inasema hiki au kile. Sisi tuliandika hivi:

"special seats" OR "reserved seats" Tanzania women parliament

Kisha tukabadilisha mwisho, tukaondoa women parliament tukaweka "candidate selection", yakaja matokeo mengine kabisa, ya watu wanaochunguza vyama vinavyoteua wagombea. Badilisha badilisha hivyo mara sita saba, kila mara unaandika pale kwenye karatasi ulichotumia, la sivyo kesho utarudia yale yale.

Halafu usitafute nchi yako tu. Rwanda tangu katiba ya 2003 ina viti 24 vya wanawake kati ya viti 80 vya bunge la chini, Uganda ina mbunge mwanamke kwa kila wilaya, Kenya kwa katiba ya 2010 ina wawakilishi wanawake 47, mmoja kila kaunti, na hao wanachaguliwa na wananchi moja kwa moja. Ukiweka Tanzania ambako chama ndicho kinachopeleka orodha, na Kenya ambako mwananchi anapiga kura, ulinganisho wako ule pale tayari. Na wale mnaosoma Burundi au Kongo, msiishie kwenye Kiingereza, andikeni pia kwa Kifaransa mtafute Cairn na Persée, tovuti za majarida ya Kifaransa, kuna makala nzito kule ambazo hazijawahi kutafsiriwa.

Hatua ya 3: Google Scholar, ila kwa akili

Google ya kawaida iache kwanza. Nenda scholar.google.com, ni bure. Matokeo yakija usikimbilie kufungua la kwanza, angalia mistari midogo chini ya kila kichwa. Mstari wa kijani una jina la mwandishi, jarida na mwaka. Chini yake kuna "Cited by" na namba, maana yake kazi ngapi nyingine zimeitaja hiyo makala. Kuna pia "All versions", na hii imetusaidia sana, kwa sababu makala ambayo kwa mchapishaji inauzwa dola 30 na kitu, mara nyingi mwandishi ameweka nakala yake kwenye tovuti ya chuo chake, iko hapo bure, wewe huioni tu mpaka ubonyeze. Kulia ukiona imeandikwa PDF, shusha hapo hapo.

Kushoto kuna mahali pa kuchuja miaka. Ushauri wangu tafuta mara mbili, ya kwanza bila kuchuja ili uone kazi kubwa za zamani ambazo kila mtu anazitaja, ya pili kuanzia miaka mitano au sita iliyopita uone watu wanabishania nini sasa hivi. Pepa yenye vyanzo vya zamani vitupu msimamizi anaiona imelala, na yenye vipya vitupu anaona hujui mjadala ulianzia wapi.

Namba kubwa ya kutajwa haimaanishi makala ni sahihi, wakati mwingine inatajwa sana kwa sababu watu wanaipinga. Na makala ya mwaka jana itakuwa na namba ndogo tu, haijapata muda.

Hatua ya 4: pata makala moja nzuri, halafu ifuate nyuma na mbele

Ukiniambia nikuachie hatua moja tu kwenye mwongozo huu wote nitakuachia hii. Makala tatu nne unazipata kwa kutafuta, zilizobaki unazipata kwa kufuata.

Sisi tulianzia na makala ya Vibeke Wang na Mi Yung Yoon ya mwaka 2018, iko kwenye Journal of Modern African Studies, wanalinganisha Tanzania na Uganda, jinsi wabunge wa viti vya wanawake wanavyopatikana na jinsi wanavyohamia, au wanavyoshindwa kuhamia, kwenye viti vya majimbo. Yaani ni swali la dogo karibu lote. Dogo akafurahi akataka kuanza kuandika, nikamwambia tulia, hii ni mlango.

Kwenda nyuma: nenda kwenye marejeo yao mwisho wa makala, usiyasome kama orodha, rudi ndani ya makala uone kila jina wamelitaja kwa ajili gani. Pale wanaposema "fulani anadai hivi, sisi tunaona vile" ndipo pa kuweka alama, huyo fulani unamhitaji. Kwenda mbele: rudi Google Scholar, bonyeza "Cited by" chini ya makala hiyo hiyo, yanakuja yote yaliyoandikwa baada yake na kuitaja. Juu ya hayo matokeo kuna kiboksi cha kutafuta ndani ya zilizotaja tu, weka tiki, andika Tanzania, inachuja.

Ukifanya hivyo kwa makala tatu utaanza kuona majina yanajirudia. Kwenye eneo hili utakutana mara kwa mara na Aili Mari Tripp, Drude Dahlerup, Mona Lena Krook. Siku utakayofungua makala mpya ukakuta marejeo yake karibu yote unayajua, hapo umeshaufikia ukingo wa mjadala, acha kutafuta uanze kusoma.

Hatua ya 5: nakala zenyewe unazipata wapi bila hela

Anza na maktaba ya chuo chako, na hapa naongea kwa uchungu kabisa, kwa sababu vyuo vyetu vingi vinalipia au vimepewa njia ya kuingia kwenye majarida, kwa mfano kupitia Research4Life, na wanafunzi wanamaliza miaka mitatu hawajawahi kuulizia nywila. Nenda dirishani kwa mkutubi, mwambie nataka kuingia kwenye majarida nikiwa nje ya chuo nifanyeje. Dakika kumi. Na kama uko UDSM kuna mkusanyiko wa East Africana maktaba, ripoti za zamani na tasnifu ambazo mtandaoni hazimo, nenda na kalamu ya risasi na daftari.

Nje ya chuo, hizi ndizo tulizotumia. JSTOR ukifungua akaunti ya bure unasoma mtandaoni hadi makala 100 kwa mwezi, kushusha ndiyo huwezi, na ujue majarida mengi pale miaka ya karibuni kabisa haipo. AJOL ina majarida ya Afrika, mengi yako wazi. DOAJ ni orodha ya majarida ya bure yaliyokaguliwa. Africa Spectrum inayotoka Hamburg iko wazi yote, Africa Development ya CODESRIA kule Dakar pia. Taasisi ya CMI ya Bergen, Norwei, imeandika sana kuhusu Tanzania na kazi zake zinashushwa bure, na UNU-WIDER ya Helsinki nayo. The African Review inayotoka idara ya siasa pale UDSM tangu 1971 usiikose, humo utawasikia wasomi wa hapa hapa wakijadili mambo ya hapa. Ukitaka picha kubwa ya mjadala mzima kwa makala moja, nenda Annual Review of Political Science.

Weka Unpaywall kwenye kivinjari chako, ni kitu kidogo, ukifungua ukurasa wa makala inayolipiwa na kuna nakala halali ya bure mahali popote, inakuwashia kialama cha kijani pembeni. Ukikosa kote mwandikie mwandishi mwenyewe. Barua pepe yake mara nyingi iko kwenye ukurasa wa kwanza wa makala. Mistari minne: mimi ni nani, nasoma wapi, naandika kuhusu nini, naomba nakala ya makala yako fulani. Usiogope, fedha unayolipa kwa mchapishaji haimfikii yeye, na wengi wanafurahi kusikia kuna mwanafunzi Dodoma au Mwanza anasoma kazi yao.

Hatua ya 6: kupima, hiki ni chanzo au ni mtego

Mimi niliwahi kukatwa maksi kwa hili. Nilikuta makala inasema kila kitu nilichotaka kusema, nikaitaja mara tano kwenye pepa, msimamizi akaniuliza umeliangalia jarida lenyewe? Nikaenda kuangalia. Jarida moja linachapisha siasa, kilimo, uhandisi na tiba ya meno, linaahidi kukubali makala ndani ya siku tatu, mwandishi analipa, na anwani yao ya mawasiliano ni ya Gmail. Hakuna mtaalamu aliyeipitia ile makala, imelipiwa ikapandishwa. Jeffrey Beall, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Colorado Denver, aliwahi kutengeneza orodha ya majarida ya namna hiyo, akaiondoa Januari 2017, nakala zake bado zinazunguka ila zimezeeka, kwa hiyo usiitegemee hiyo peke yake. Angalia mwenyewe: bodi ya wahariri ni watu gani na wako chuo gani, je makala zina DOI (namba ya kudumu ya makala mtandaoni) inayofunguka, je limo DOAJ, je ndani ya makala kuna sehemu inayoeleza data zilipatikanaje. Jarida dogo la Afrika lenye tovuti mbovu si lazima liwe feki, hapo watu wanakosea sana, soma makala yenyewe kabla hujahukumu.

La pili ni hizi programu za akili bandia. Ukiiomba ikupe marejeo itakupa, yamepangwa vizuri, mwandishi wa kweli, jarida la kweli, na makala ambayo haipo duniani. Dogo alikuwa na marejeo mawili ya namna hiyo. Kila rejea kutoka huko chukua kichwa chake, kiweke kwenye alama za kunukuu Google Scholar, na DOI yake iweke doi.org. Isipofunguka itoe.

La tatu, takwimu inayopita mdomo kwa mdomo. Kwenye utangulizi dogo aliandika kwamba Tume ya Nyalali ilikuta asilimia 80 ya Watanzania wanataka chama kimoja na 20 vyama vingi. Wote tunaisema hivyo, hata redioni. Tukaifuatilia kwenye makala za wasomi, tukakuta ni kama asilimia 77 na 21. Tena tume hiyo ya mwaka 1991 ilisikiliza watu zaidi ya 36,000 waliojitokeza kutoa maoni, na watu waliojitokeza si sawa na sampuli iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, kwa hiyo kusema "asilimia fulani ya Watanzania" tayari umeshateleza. Sentensi moja ile ilituchukua dakika 40, na ndiyo msimamizi ataiona, maana kila mwaka anaisoma kwenye pepa ishirini. Namba yoyote utakayoiandika ifuate mpaka pale ilipohesabiwa.

Hatua ya 7: vyanzo ghafi, hapa Mswahili una mtaji

Makala za wasomi zinakuambia wengine wamefikiria nini. Cha kwako wewe unakitoa kwenye vyanzo ghafi, na kwa Tanzania vingi viko kwa Kiswahili, mtafiti wa nje anahitaji mkalimani, wewe huhitaji. Hansard, yaani kumbukumbu za mijadala bungeni, ziko kwenye tovuti ya Bunge, PDF za kila kikao. Fungua moja, bonyeza Ctrl na F, andika "viti maalum", uone nani kalitaja na kwa hoja gani, jina la msemaji liko kwa herufi kubwa kabla ya maneno yake. Tulichukua mikutano ya bajeti tu ili tusizame. Sheria na hukumu ziko TanzLII bure. Idadi ya wanawake kwenye kila bunge duniani iko kwenye data za Parline za IPU, umoja wa mabunge duniani, na kanuni za viti vya wanawake nchi kwa nchi ziko International IDEA. Maoni ya wananchi yako Afrobarometer, wanahoji watu 1,200 au 2,400 kila nchi kwa kila awamu tangu 1999, na unaweza kuchezea majibu kwenye tovuti yao bila kuwa na programu ya takwimu. Viwango vya demokrasia mwaka kwa mwaka viko V-Dem, Chuo Kikuu cha Gothenburg.

Na magazeti je? Yatumie kwa tukio, usiyatumie kwa nadharia. Wale wabunge 19 wa viti maalum wa Chadema walioapishwa Novemba 2020 chama chao kikawavua uanachama siku tatu baadaye, hilo tukio kwa dogo ni dhahabu, linaonyesha waziwazi mvutano wa chama na mbunge asiye na jimbo. Tarehe na nani alisema nini unachukua gazetini, chukua mawili yenye misimamo tofauti. Kesi iliyofuata unachukua mahakamani, kwenye hukumu. Maana ya tukio ndiyo unaijengea hoja kwa kutumia wasomi, hata kama waliandika kabla halijatokea, makala za kitaaluma huchelewa miaka miwili mitatu kufikia habari.

Hatua ya 8: kusoma na kutunza

Fungua Zotero, ni ya bure, inahifadhi marejeo na kuyapanga kwa mtindo chuo kinachotaka. Kila makala soma ikisiri, utangulizi na hitimisho kwanza, kama haigusi swali lako iache hata kama ina jina kubwa. Zinazobaki soma zote, na tengeneza jedwali: anadai nini, ametumia data gani, nakubaliana naye wapi, nampinga wapi, ukurasa wa ngapi. Ukurasa andika hapo hapo, usiku wa kuamkia kupeleka kazi hutaukumbuka.

Ukija kuandika usiende msomi mmoja mmoja, aya ya huyu, aya ya yule. Panga kwa ubishi. Dogo alikata jedwali lake vipande kwa mkasi, akavipanga mezani mafungu mawili, wanaoona viti maalum vinamfungulia mwanamke njia na wanaoona vinamfunga kwa chama, kikabaki kipande kimoja katikati hakina pa kukaa, cha Wang na Yoon kuhusu kuhamia majimboni. Akakishika muda mrefu, akasema kaka, hapa ndipo pepa yangu inaanzia, akavuta laptopu akaanza kuandika na chai yake ikapoa.